Mishubiri ya Arizona

Nilizaliwa Same, kwenye tambarare kavu chini ya milima ya Upare. Kwetu mshubiri uliota wenyewe katikati ya miiba. Kideri kilipoingia bandani, mama alikata jani na kukamulia utomvu katika maji ya kuku. Ukubwani nikaajiriwa kutunza bustani ya mimea ya jangwani huko Phoenix, Arizona, nikakuta watu wanalipa kiingilio kuutazama mmea huohuo.

Msimamizi wangu wa kwanza, mzee wa Kimeksiko, hakunipa mpira wa maji mpaka nijue kusoma jani. Likikonda na kujikunja kwa ndani, lina kiu. Likilegea na kugeuka maji-maji kwenye shina, mizizi inaoza, ukiunywesha unaumaliza.

Kiangazi ndicho kilichotupa lawama. Mwaka 2023 joto la Phoenix lilifika nyuzi 43 za Selsiasi au zaidi kwa siku 31 mfululizo. Katika joto hilo mishubiri mingi husimama kukua, na majani huwa mekundu kama kutu. Wageni walitusuta: mbona hamuinyweshi? Lakini udongo wa moto ukilowa sana huozesha mizizi. Tulitandaza neti ya kivuli na kumwagilia alfajiri, tena kwa kiasi.

Baridi ikianza, mishubiri huamka. Hapo tuliongeza maji, na kuanzia Januari mikonyo ya maua ikapanda, mingine myekundu, mingine ya manjano. Usiku wa jalidi tuliifunika kwa vitambaa vyepesi, kwa maana chipukizi la ua hufa kabla ya jani. Asubuhi tulifunua, na ndege wadogo wa Marekani wakaja kunywa nekta huku wakielea hewani. Chozi wa kwetu hutua kwanza kwenye mkonyo.

Adui mkubwa alikuwa utitiri, usioonekana kwa macho, unaovimbisha majani na maua. Tulikata sehemu yenye uvimbe, tukaifunga mfukoni na kusafisha kisu kwa spiriti. Mbegu za bustanini hatukuziamini, kwani mishubiri huchanganyika upesi. Kila aina tuliiendeleza kwa machipukizi yake.

Nawe mwenye mshubiri kibarazani, ujue kwanza msimu wake wa kukua, ndipo ushike maji. Mingi niliyoona ikifa ilikufa kwa kunyweshwa wakati wa mapumziko yake.