Kuvisha Tairi Lililobana

Wasomaji wetu wamezoea kukuta katika kurasa hizi mijadala ya ushairi, ya ngeli na ya istilahi za sayansi. Leo twaomba tuzungumzie gurudumu la baiskeli. Jambo lenyewe laweza kuonekana dogo mno kwa jarida la walimu, lakini lilituweka jioni tatu mbele ya darasa tukitafuta maneno, na katika jioni hizo tyubu nne zilitoboka. Kwa kijana afanyaye kibarua mchana na kusoma usiku, tyubu nne si mchezo.

Sisi tunafundisha Kiswahili mjini Kigali. Tangu Septemba 2025, mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalipofanyika katika mji wetu, yakiwa ya kwanza kufanyika katika bara la Afrika tangu yaanzishwe mwaka 1921, wanafunzi wetu kadhaa wameingiwa na hamu ya baiskeli za mbio. Hamu hiyo si ngeni, kwani Tour du Rwanda ilianza mwaka 1988, na watoto wa vilima hivi wamekua wakiiona ikipita karibu na milango yao. Tunaloliona sasa ni kwamba baiskeli nyembamba zilizokwisha tumika Ulaya zimefika mikononi mwa vijana hao, nazo zimefika bila ya mtu wa kuwaeleza tabia zake.

Baiskeli nyeusi na nzito, ile ibebayo ndizi, mkaa na magunia ya viazi, na ambayo abanyonzi huitumia kuchukua abiria, haina mambo mengi. Tairi lake pana hukubali kuvuliwa kwa mpini wa kijiko na kuvishwa kwa viganja. Tairi la mbio halina upole huo. Kingo zake mbili, ambazo tumeamua kuziita midomo, zina waya au uzi mgumu ndani yake usiotanuka. Na ni lazima usitanuke, kwa maana tairi la upana wa milimita 25 aghalabu hujazwa upepo wa pauni 80 hadi 100 kwa kila inchi ya mraba. Lau mdomo ungelegea, tairi lingeruka nje ya ringi. Tena kuna mtego wa namba. Matairi ya aina zote mbili huitwa ya "ishirini na nane", lakini lile la baiskeli nyeusi hukalia kipenyo cha milimita 635, na la mbio milimita 622. Anunuaye kwa kutaja ishirini na nane tu aweza kurudi nyumbani na tairi lisilo lake. Namba ya kuitafuta ni ile iliyochapwa ubavuni: 25-622, au 28-622.

Swali la wanafunzi lilikuwa la haki kabisa. Ikiwa mdomo wa tairi hautanuki, na ukuta wa ringi umesimama juu kuliko pale mdomo unapokaa, mdomo huo utapitaje? Jibu limo katikati ya ringi. Ukiitazama ringi iliyovuliwa tairi utaona kuwa sakafu yake imeshuka katikati, pande zote kuzunguka gurudumu. Umbo hilo, pamoja na mdomo wenye waya, Mwingereza Charles Kingston Welch alilipatia hataza mwaka 1890. Sehemu ya mdomo iliyo upande wa mbali ikitumbukia katika ule mshuko, hupungua milimita chache kule, na milimita hizo huongezeka upande wa karibu, pale vidole vinapohangaika. Kwa hiyo nafasi ya kupitishia tairi haipatikani pale linapobana. Hupatikana upande wa pili wa gurudumu. Kijana asiyelijua hili husukuma na kusukuma mahali pamoja, kisha huchukua chuma, na chuma huifinya tyubu juu ya ringi na kuitoboa. Hivyo ndivyo zilivyokwenda zile nne.

Ule mshuko uitweje? Mwanafunzi mmoja alisema "shimo", na mwenzake papo hapo akaweka kidole kwenye tundu la valvu. Wengi walilipenda neno "bonde", na katika nchi ya vilima hawakukosea kulipenda, lakini waliolifuata waliushusha mdomo mahali pamoja tu na kuuacha juu kwingine kote. Tulipotamka "mfereji", neno la kitu ambacho kila mkazi wa Kigali hukiruka kando ya barabara, vidole vilianza kufuata mzunguko mzima vyenyewe. Kitenzi nacho kilitutesa. Tuliposema "ingiza tairi", walitumia nguvu. Tuliposema "visha", binti mmoja alicheka, akauliza kama ni pete. Ni pete hasa, tena pete iliyokwama kwenye kifundo cha kidole.

Tulianzia upande unaokabili valvu na kumalizia penye valvu, kwa sababu shina la valvu huuziba mfereji mahali pale, na mdomo hauwezi kushuka humo. Tyubu ilitiwa upepo kidogo tu, kiasi cha kupata umbo la duara, ukatolewa tena mwishoni tairi lilipoanza kubana. Mikono miwili ilitoka upande wa mbali ikishuka kushoto na kulia, ikiibana midomo yote miwili hadi mferejini na kuukusanya ulegevu wote kuelekea valvu. Kipande cha mwisho kikavukishwa kwa vidole gumba.

Hata hivyo gurudumu moja lilikataa. Tulilipeleka kwa fundi mmoja mzee wa mtaa wetu, naye hakuligusa tairi kwanza. Alikifunua kitambaa, au tuseme kile tulichodhani ni kitambaa, kinachofunika vichwa vya spoki ndani ya ringi. Kilikuwa utepe uliokatwa kutoka tyubu kuukuu, mnene, nao umezungushwa mara mbili. Kwa baiskeli nyeusi ubahili huo ni akili njema, na sisi twausifu. Katika ringi ya mbio ulikuwa umeufukia mfereji wote, hata mdomo ukawa hauna pa kushukia. Mzee aliung'oa, akaweka utepe mwembamba wa nguo, na tairi lile lile likavalika kwa vidole gumba bila ya chuma. Utepe wa zamani aliutia mfukoni; kwake bado una kazi.

Kabla ya kujaza upepo, valvu husukumwa juu kidogo kisha ikavutwa chini, ili tyubu isibanwe chini ya mdomo, na pande zote mbili hutazamwa kwa kuzungusha gurudumu. Upepo ukiingia, ule mstari mwembamba uliochorwa kiwandani karibu na mdomo hauna budi kuonekana kwa umbali mmoja kutoka ringi kila mahali. Ukizama mahali fulani, upepo utolewe na kazi irudiwe. Hapa hatuwavumilii wanafunzi wenye haraka. Barabara zetu zina miteremko mirefu, na mdomo usiokaa vema waweza kustahimili mtaa mzima wa tambarare, kisha ukaachia katika kona ya mteremko, mpandaji akiwa katika mwendo ambao breki hazina la kumsaidia.

Jirani zetu wa Burundi wana ikinga, Waganda wana eggaali, nasi tuna igare, lakini sehemu za ndani za gurudumu wengi wetu hatujazipa majina yaliyo wazi. Wenzetu wa Bujumbura, Bukavu na Kampala walio na neno jingine la ule mfereji, ama la mdomo wa tairi, watuandikie, wakieleza pia ni fundi gani waliyelisikia kwake na kama wanagenzi wake hulielewa mara moja.