Motokaa ya Mwalimu

Katika kurasa hizi wenzangu huandika habari za kandanda, za safari na za walimu wapya. Mimi nitaandika habari za kununua motokaa iliyokwisha kutumika, ingawa sijapata kununua hata baiskeli. Lakini likizo ya Desemba iliyopita nilikuwapo baba yangu alipotaka kutoa karibu kiinua mgongo chake chote kwa motokaa moja, nami nikasema neno mbele ya wakubwa ambalo hata sasa sijui kama lilinipasa kulisema.

Baba alifundisha hesabu katika shule za msingi huku kwetu Iganga kwa miaka 34, akastaafu mwaka jana. Watu wote humwita Mwalimu, hata mama. Dada yangu mdogo ana ugonjwa wa selimundu, na mara kwa mara inampasa kupelekwa hospitali ya Mulago, Kampala, mwendo wa kilomita 120 hivi. Twapanda takisi ya watu 14, twabanana, na mtoto akishikwa na maumivu katikati ya msitu wa Mabira hapana pa kumlaza. Hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya kutaka motokaa.

Sababu ya pili baba hakuisema, lakini nyumbani sote twaijua. Alipokuwa mwalimu kijana alikuwa akisimama kando ya barabara za vumbi kutazama mashindano ya Pearl of Africa, akirudi nyumbani mwekundu kama tofali. Ndani ya mlango wa kabati lake pana picha iliyokatwa gazetini, Subaru ya buluu ya Colin McRae wa Scotland, bingwa wa dunia wa mwaka 1995. Basi baba hakutaka motokaa yo yote tu. Alitaka ya kubeba mke na watoto, mgonjwa aweze kujinyoosha katika kiti cha nyuma, lakini ukiikanyaga ipande kilima kama swala. Motokaa ya namna hiyo ipo, nayo ni Subaru Legacy. Ina viti 5 na buti kubwa, magurudumu yote 4 husukuma, na ile iitwayo GT ina tabo, yaani feni ndogo izungushwayo na moshi wa injini ili isukume hewa ndani kwa nguvu.

Nilimwambia baba kwamba Subaru kwa Kijapani ni jina la zile nyota ambazo Waswahili huziita Kilimia, nyota za wakati wa kulima, na ndizo zilizochorwa puani mwa gari. Alifurahi mno. Akamgeukia mama akasema, “Waona? Hili ni gari la mkulima.” Mama hakujibu.

Mjomba wangu ni fundi wa motokaa mjini Jinja. Mama alinituma kwake nikakaa siku tatu, na kila jioni baada ya kazi alinifundisha mbele ya injini iliyofunguliwa. Neno lake la kwanza lilikuwa hili: “Mpwa wangu, usiulize gari ni la namna gani. Uliza limeishi na nani. Gari hili lilitoka kiwandani likiwa zima. Na gari la mbio hununuliwa na watu wa mbio. Ukilipata leo, jua kwamba wengine wamekwisha kulikimbiza kabla yako.”

Kisha akanionyesha. Katika motokaa nyingi pistoni husimama wima kwa mstari; katika Legacy zimelala, mbili upande huu na mbili upande ule, zimepeana mgongo kama watu waliokosana. Kwa hiyo uzito hukaa chini, na gari halipepesuki penye kona. Lakini gasketi za pembeni zikizeeka, oili hudondokea bomba la moshi lenye moto, ndipo usikiapo harufu ya kuungua. Tena katika injini ile ya miaka ile mna mkanda wa mpira uzungushao vali. Ukikatika safarini, pistoni hugonga vali na injini imekwisha. Watengenezaji huagiza ubadilishwe gari likifikisha kilomita 100,000, na wauzaji wengi huuza likiwa limekaribia hapo.

Habari ya tabo ndiyo iliyonitisha zaidi. Tabo huzunguka mara elfu nyingi mno kwa dakika moja, nayo huishi kwa oili tu. Njiani mwa oili hiyo Wajapani waliweka chujio dogo ndani ya skrubu, dogo kama ncha ya kidole cha mtoto. Mwenye gari akichelewa kubadilisha oili, uchafu huliziba, tabo hukauka, na ikivunjika vipande vyake vya chuma huweza kuingia katika oili ya injini nzima. Mjomba alisema amekwisha kufungua mbili za namna hiyo, na wenyewe wote wawili walilia.

“Nenda asubuhi,” akaniambia, “injini ikiwa baridi, maana injini mbovu ikisha kupata moto huficha makosa yake. Gusa boneti kabla ya kusalimiana.”

“Lakini mjomba, wataniona sina adabu.”

“Salimia kwa mkono mmoja, gusa kwa mwingine.”

Akanifundisha na moshi: wa buluu ni oili inayoungua, mweupe usiokwisha ni maji yaliyoingia penye moto, mweusi ni petroli iliyozidi. Mipira yote 4 iwe ya namna moja na iliyolika sawasawa, kwa kuwa magurudumu yote yameunganishwa, na mpira mmoja ukiwa mnene kuliko mwenziwe gia za katikati hushindana mpaka ziharibike. Uzungushe usukani mpaka mwisho, uende polepole kwa duara. Likikwama-kwama kama mbuzi avutwaye kwa kamba, ushukuru na kwenda zako.

Siku ya tatu baba akapiga simu. Dalali wa Kampala amepata Legacy GT ya mwaka 2005, rangi ya fedha, na mnunuzi mwingine anakuja saa sita. (Maneno haya ya mnunuzi wa saa sita nasikia huambiwa kila mtu.) Mjomba alikuwa na gari la mteja lililofunguliwa lote, hakuweza kuondoka. Baba hakutaka kungoja. Nikaenda naye peke yangu.

Tulifika saa mbili na nusu asubuhi. Motokaa ilikuwa imeoshwa ikang'aa, na tundu lake la hewa juu ya boneti. Nikasalimia kwa mkono mmoja. Boneti ilikuwa na moto. Mwenye gari akasema ametoka sasa hivi kuliosha, na kweli lilikuwa limeoshwa, basi nikanyamaza. Moshi haukuwa na rangi. Mipira ilikuwa sawa. Baba akaingia akashika usukani kwa mikono miwili, na uso wake ukawa uso nisioujua, wa kijana. Tukaenda nalo barabarani. Akakanyaga, nikasukumwa kitini hata kichwa kikagonga nyuma. Sitawadanganya, nami nilifurahi. Mita ilisema kilomita 86,000. Bei ilikuwa milioni 21, ikashuka mpaka 18.

Tuliporudi nikaomba boneti ifunguliwe tena. Juu ya kifuniko cha mkanda palikuwa na karatasi ndogo iliyobandikwa, imebanduka pembe moja, yenye maandishi ya Kijapani. Mimi sijui Kijapani, lakini tarakimu ni tarakimu. Palikuwa na 24, na mbele yake 102,400 km. Mjomba alikuwa amenionyesha karatasi kama ile: gereji za Japani huibandika mkanda unapobadilishwa, na miaka yao huihesabu kwa enzi za wafalme. Mwaka wa 24 wa enzi ya Heisei ni 2012. Basi mwaka 2012 motokaa hii ilikuwa imekwenda kilomita 102,400, na leo, baada ya kuvuka bahari na kutumika Uganda miaka yote hii, imekwenda 86,000.

Nikatazama raba ya breki. Ilikuwa imelika mpaka ikawa laini kama kokoto ya mtoni.

Nikamwita baba aje atazame. Akaisoma karatasi ile muda mrefu. Dalali akacheka akasema, “Mwalimu, kumbe kijana wako ni Mjapani!” Watu waliokuwapo wakacheka wote. Mwenye gari hakukasirika. Akaeleza kwa upole kwamba kifuniko kile kilitoka katika gari jingine, cha kwanza kilipasuka. Nikamwuliza hati iliyokuja na gari kutoka Japani, maana huandikwa kilomita. Akasema ilipotea zamani. Jambo hilo nalo lawezekana, kwa sababu magari ya 2005 yamekwisha kupita mikono mingi hapa kwetu. Tangu sheria ya 2018 magari yaliyotimiza miaka 15 yalizuiwa kuingizwa, basi ya umri ule hupatikana humu humu nchini tu.

Baba akafunga boneti taratibu. “Yaweza kuwa hivyo,” akasema, akatia mkono mfukoni ilimo bahasha ya malipo ya kwanza.

Hapo ndipo nilipolisema lile neno. Nilisema, “Baba, hesabu hii angekuletea mwanafunzi, ungeipa alama?”

Watu wakanyamaza. Baba hakunitazama. Akamrudishia mwenye gari ufunguo kwa mikono miwili, akamshukuru, akasema, “Tutarudi.” Tukatembea mpaka stendi bila neno. Njia nzima hadi Iganga aliangalia dirishani, na siku tatu zilizofuata akitaka kunituma alimtuma mama aniambie. Mimi nilikaa nikifikiri. Kama kifuniko kile kilitoka kweli katika gari jingine, basi nimemwaibisha baba mbele ya wageni na kumnyang'anya kitu alichokingoja karibu miaka 30. Sina hakika hata leo. Huenda motokaa ile ni nzima, na sasa hivi yapanda kilima mahali fulani.

Januari, juma moja kabla ya shule kufunguliwa, mjomba alipata habari ya Legacy nyingine hapo hapo Jinja, ya mwaka 2006, yenye mgongo mrefu na buti kubwa, haina tabo. Mwenyewe ni mama mkunga aliyestaafu. Safari hii tulikwenda sote watatu, na boneti ilikuwa baridi kama jiwe la kisima. Mita ilisema 164,000. Bampa ya nyuma ilikuwa na ufa, kiti cha dereva kimechanika. Kabla hatujauliza, yule mama akasema, “Inavuja oili kidogo upande wa kushoto, na shokomzoba za mbele zimechoka.” Kisha akaleta daftari la shule, la kurasa 96, limeandikwa kwa kalamu ya wino: tarehe, kilomita, oili, chujio, mipira, na fundi aliyefanya kazi. Kila kilomita 5,000 kwa miaka tisa. Baba alilisoma lote, ukurasa kwa ukurasa, akiwa amesimama uani, kama asahihishaye. Mkanda ulibadilishwa kwa 101,000. Mjomba alilala chini ya gari akakuta oili inavuja pale pale aliposema yule mama, si pengine.

Tulitoa milioni 15. Akiba iliyobaki ilikwenda katika gasketi, shokomzoba na mipira 4 mipya, nayo haikutosha. Mjomba anadai hadi sasa. Wala sisemi motokaa hii haitaharibika. Mwezi wa pili rejeta ilitoboka, baba akaandika katika daftari lile lile, chini ya mwandiko wa yule mama.

Aprili nilikwenda nao Kampala. Dada alikuwa amelala nyuma, kichwa katika mapaja ya mama. Baba alikwenda kilomita 60 kwa saa njia nzima, malori ya miwa yakitupita, nami nikaona haya kidogo. Tulipotoka msitu wa Mabira barabara ikawa tupu, na kilima kiko mbele. Baba akanitazama katika kioo, mara ya kwanza tangu ile siku ya Kampala alivyonitazama hivyo, kisha akakanyaga. Haikuruka kama ile nyingine, lakini ilipanda. Dada akaamka akacheka.

“Mwalimu!” mama akasema.