Mikono Ikisema, Ubongo Husikia Nini?

Leo tuache kidogo mambo ya seva na hifadhidata, tuzungumzie mashine ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyeiandikia programu: ubongo.

Chanzo ni kazi. Mwezi uliopita mteja mmoja hapa Machakos aliniita akitaka programu ya simu. Kamera imtazame kiziwi, itambue umbo la mkono, kisha itoe neno la Kiswahili. "Ni ishara tu, kijana," akaniambia. "Picha mia tatu hivi zinatosha. Na digrii yote hiyo, hii itakushinda?"

Pesa zilikuwa nzuri. Lakini dada yangu mdogo ni kiziwi, fundi wa nguo papa hapa mjini, na hilo neno "tu" nalijua sana. Nimeona akinyimwa mkalimani kwenye kaunta ya ofisi kwa sababu hiyohiyo: si aonyeshe tu anachotaka, tutaelewa? Kwa hiyo nilimwomba mteja wangu nusu saa, nikamweleza haya ninayowaeleza nyinyi.

Tuanzie steji. Makanga akigonga bodi ya matatu, dereva anajua ang'oe gari. Akiinua vidole viwili, abiria wa ng'ambo ya barabara anaelewa zimebaki nafasi mbili. Hakuna neno lililosemwa, na maana imefika. Imefikaje?

Mwaka 1980, Marta Kutas na Steven Hillyard wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, waliwabandika watu elektrodi kichwani wakawasomesha sentensi neno kwa neno. Chukua mfano wangu: "Mama alisonga ugali kwa kiatu." Ubongo ukifika kwenye "kiatu", umeme wake huteremka upande wa hasi, na kilele huwa kama milisekunde 400 baada ya neno kuonekana. Wimbi hilo likaitwa N400. Neno likiwa gumu kuoanishwa na yaliyotangulia, wimbi huwa kubwa.

Mwaka 1987, Kutas pamoja na Helen Neville na Phillip Holcomb walilinganisha watu wanaosoma, wanaosikiliza, na viziwi wanaotazama Lugha ya Ishara ya Marekani. Wimbi lilijitokeza kwa wote! Mwaka 2003, Tatiana Sitnikova na wenzake wakaonyesha watu video zisizo na neno hata moja. Katika moja, mwanamume anayenyoa ndevu anashika kifimbo cha kusukumia chapati badala ya wembe. Wimbi la aina ileile likaja tena, likifuatwa na jingine.

"Unaona basi!" mteja akanikatiza. "Kitendo na lugha ni kitu kimoja."

Subira. Kwamba ubongo unatafuta maana katika vyote viwili, ni kweli. Lakini haimaanishi kwamba vyote viwili vimejengwa namna moja. Hilo tunajifunza kwa waliougua.

Mwaka 1987, Howard Poizner, Edward Klima na Ursula Bellugi walitoa kitabu kuhusu viziwi waliopata kiharusi. Kwa kuwa lugha ya ishara hutumia nafasi na macho, ungetarajia iharibike nusu ya kulia ya ubongo ikiumia, kwa sababu nusu hiyo hushughulika sana na mambo ya nafasi. Sivyo. Walioumia kulia walishindwa na kazi kama kuchora, lakini lugha yao ilibaki. Walioumia kushoto ndio waliopotewa na lugha, kama inavyowapata wasemaji wa kawaida.

Kisha mwaka 1992, David Corina na wenzake wakaandika juu ya kiziwi mmoja aliyeumia upande wa kushoto. Ishara za lugha zilimponyoka, kuzitoa na kuzielewa. Lakini kuigiza kwa mikono, aliweza. Mikono ni ileile! Kwa lugha yetu ya kompyuta: kifaa kimoja, programu mbili, moja imeharibika na nyingine inafanya kazi.

Hapo ndipo "tu" inapokufa. Vidole vya makanga havina sarufi. Haviwezi kuuliza kwa nini ulichelewa jana. Lugha ya Ishara ya Kenya inaweza. Nyusi zikiinuka, kauli inageuka swali. Sehemu fulani ya hewa mbele ya msemaji inakuwa mtu, na kitenzi kinaelekezwa kwake. Kamera inayosoma umbo la mkono peke yake imetupa sarufi jalalani. Ni sawa na kumpa mtu maneno mia tatu ya Kikamba ukamwambia akatafsiri kesi mahakamani.

Na hili si la maabara peke yake. Katiba yetu ya 2010, ibara ya 120, inazitaja lugha rasmi za Bunge kuwa Kiswahili, Kiingereza na Lugha ya Ishara ya Kenya.

Nilimpa mteja njia mbili. Moja, programu ya kuwafundisha wanaosikia ishara za kila siku, kwa video za viziwi wenyewe, nao walipwe. Mbili, kitufe cha kumpigia mkalimani kwa video. Akasema atafikiria. Hadi leo simu haijalia.

Nilipomsimulia dada yangu, aliweka mkasi chini akaniuliza: mbona kila mara ni mashine itakayojifunza? Yule wa kaunta hana mikono?

Basi ile njia ya kwanza nimeianza mwenyewe, jioni baada ya kazi. Ishara za kuanzia kazichagua yeye: kipimo, bei, kesho, na "nguo yako bado haijaisha". Fundi ni fundi!