Binti Yangu na Elimu ya Picha



Himdi zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na sahaba zake. Baada ya hayo, mama zangu, dada zangu na ndugu zangu, juma hili naomba niyaweke kando masuala mliyoniletea, nieleze jambo lililonifika nyumbani mwangu. Nalieleza kwa sababu wazazi watatu wamekwisha kunijia na swali lilo hilo tangu matokeo ya mtihani yatoke.

Miaka miwili iliyopita, baada ya sala ya Isha, binti yangu alinijia na karatasi ya chuo kikuu mkononi. Alikuwa amekubaliwa kusomea upigaji picha na kile kiitwacho uhalisia ulioongezwa. Sikumwacha amalize. Nilimwambia, "Mwanangu, kasomee ualimu au uuguzi. Picha si kazi ya mtoto wa sheikh." Akaikunja karatasi yake, akasema, "Haya, Baba," akaingia ndani. Laiti angalibishana nami, ningalilala. Mama yake alikuwa akisikia. Akaniambia kwa upole, "Umetoa jawabu la swali ambalo hujalisikia."

Nilikuwa na sababu zangu. Nilipokuwa mdogo chuoni, maalimu wetu alitusomesha hadithi zinazowaonya watengenezaji wa taswira, na kwake picha ya kuchora na picha ya kamera zilikuwa na hukumu moja. Nilikua na msimamo huo. Sikukuu moja mpiga picha alipita mtaani kwetu, na mamangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, akatamani apigwe pamoja na wajukuu zake. Nilimkataza. Hakusema neno, alijifunika buibui lake akarudi jikoni. Alipofariki, picha pekee tuliyobaki nayo ni ile ya kipande, ndogo kama ukucha wa kidole gumba, nayo imefifia. Binti yangu huyu hamkumbuki bibi yake ila kwa picha hiyo.

Siku ya tatu nilimwita, nikamwambia anieleze. Akaniuliza, "Baba, ulipokuwa safarini, kibla ulikitafuta vipi?" Nikamwonyesha ile programu ya Google iliyotoka mwaka 2017: wafungua kamera ya simu, na mstari waonekana chini mbele yako ukielekea Makka. "Basi huo ndio uhalisia ulioongezwa," akasema. "Sakafu ipo, mstari haupo, na simu inakuonyesha vyote viwili mahali pamoja."

Kisha akanifahamisha namna inavyofanyika. Kamera huzitafuta alama zisizobadilika, kama pembe za ukuta na nakshi za zulia. Vihisi vilivyomo ndani ya simu hupima jinsi mkono unavyosogea. Hesabu hufanywa mara nyingi katika kila sekunde, ili kile kilichochorwa kibaki mahali pake hata ukikizunguka. Hapo nikatambua kwamba mtoto huyu hakuwa akiomba kwenda kucheza. Alikuwa akiomba kwenda kusoma mwanga, hesabu, michoro ya pande tatu na uandishi wa programu za kompyuta.

Nikarudi vitabuni. Elimu ya mwanga si ngeni kwetu. Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyeishi Cairo na kufariki katika karne ya 11, ndiye aliyeandika Kitab al-Manadhir, akathibitisha kwamba jicho huona kwa mwanga unaokiingia kiini chake kutoka kwenye vitu, na akachunguza jinsi mwanga unavyopita katika tundu dogo na kuingia ndani ya chumba chenye giza. Msingi wa kamera ni huo. Ama kuhusu hukumu, Sheikh Muhammad Bakhit al-Muti'i, aliyekuwa Mufti wa Misri, aliandika risala ya kuijuzisha picha ya kamera, kwa hoja kwamba mpiga picha hazuii ila kivuli cha kiumbe alichokwisha kukiumba Mwenyezi Mungu. Wako ulamaa wasiokubaliana naye hadi leo, na heshima yao iko pale pale. Lakini nilijifunza kwamba nilikuwa nikiikata kwa neno moja mas'ala ambayo wakubwa zangu wameyajadili kwa miaka mingi.

Hata hivyo, hofu yangu kubwa haikuwa ya vitabuni. Nyote mwaijua desturi yetu ya harusi: usiku wa kupamba, simu hukusanywa mlangoni, na mwenye kupiga picha huwa ni mwanamke. Miaka kadhaa nyuma niliitwa kusuluhisha nyumba iliyokaribia kuvunjika. Picha ya bibi harusi akiwa wazi kichwa na mabega ilikuwa imezagaa katika simu za wanaume. Tukamwita dada aliyepiga picha. Alilia, akaapa kwamba hakumpa mtu, na alikuwa mkweli. Alichojua ni kubonyeza kamera tu. Kusafisha picha na kuzichapisha hakujua, akampelekea kijana wa dukani, na kijana yule akabaki na nakala. Ndoa ile ilisalimika kwa rehema za Mwenyezi Mungu, lakini yule bibi harusi hakuhudhuria arusi ya mtu kwa muda mrefu.

Niliyafikiri hayo usiku kucha. Sitara ya wake zetu haikuvunjwa na elimu ya picha, ilivunjwa na elimu nusu. Lau dada yule angalijua kazi yake tangu mwanzo hadi mwisho, kupiga, kusafisha, kuhifadhi na kufuta, amana ingalibaki mkononi mwake. Na hatari yazidi siku hizi. Zamani, marehemu Omar Said Bakor wa Lamu alikuwa akizikata picha na kuziunganisha upya kwa mkono, na watu wakizitazama wakastaajabu, wakijua ni ufundi. Leo kompyuta yaweza kumweka mtu mahali asipopata kufika, na mshono usionekane. Nani atawatambulia watoto wetu uongo huo, ikiwa hakuna katika sisi aliyeusomea?

Nikamruhusu. Mama yake na mimi tulimwekea masharti ya makazi, ya sala na ya watu atakaowapiga picha. Naye alituwekea sharti moja: kwamba tukiambiwa neno juu yake, tumuulize yeye kwanza.

Likizo hii alinichukua Mji wa Kale hadi nyumba aliyozaliwa mamangu. Mlango wake wa nakshi sisi wenyewe jamaa tuliuuza kwa mfanyabiashara, wakati wa shida, na leo pana mlango wa bati. Binti yangu alikuwa amewatembelea majirani wenye milango ya fundi wa aina ile ile, akaipiga picha kwa mamia kutoka kila upande, na kompyuta ikazilinganisha hata ikatoa umbo kamili. Akanipa simu. Nikaona mlango umesimama mahali pake, na nguzo yake ya kati na misumari yake. Nikanyoosha mkono, nikagusa bati.

Sitaficha lililofuata. Nilimwambia, "Mwanangu, huwezi kumweka na bibi yako hapa barazani, ukamtoa katika ile picha ya kipande?" Alinyamaza kidogo. Akasema, "Ningeweza, Baba. Lakini sikupata kumwona akikaa, wala sijui alivyocheka. Nitakuwa ninamsingizia. Na yeye hakuombwa ruhusa." Mimi niliyemkataza mama kupigwa picha akiwa hai ndiye niliyetaka kumtengeneza akiwa maiti, na aliyenizuia ni mwanangu. Suratul Israa imetukumbusha kwamba masikio, macho na moyo, vyote vitaulizwa. Nilimwona amelifahamu hilo kuliko nilivyomsomesha.

Kwa hivyo, mzazi mwenzangu, mwanao akikujia na karatasi kama ile, msikilize hadi mwisho kabla hujamjibu. Muulize atawapiga picha kina nani, kwa idhini ya nani, zitahifadhiwa wapi, na ufunguo utakuwa kwa nani. Akiwa na majawabu, basi mpe radhi zako pamoja na karo.

Mwenyezi Mungu awahifadhi watoto wetu, aistiri mizee yetu walio hai, na awarehemu waliotutangulia. Wallahu aalam.