Siku Niliyopotea Njia Roma



Wapendwa waamini, juma hili Mama Kanisa anaadhimisha kumbukumbu ya Mtakatifu Monika, tarehe 27 Agosti, na kesho yake ya mwanawe, Mtakatifu Agostino, Askofu na Mwalimu wa Kanisa. Wengi wenu mmeniuliza kwa nini tangu nirudi kutoka hija ya Jubilei, mwezi Juni 2025, sijawasimulia neno juu ya Roma, zaidi ya zile picha chache zilizobandikwa kwenye ubao wa matangazo. Leo ninalipa deni. Habari za Milango Mitakatifu mmekwisha kuzisikia kwa wengine. Mimi nitawasimulia siku niliyopotea njia.

Kabla ya safari, mama mmoja mzee wa parokia yetu alinijia ofisini. (Ninaandika haya kwa ruhusa yake.) Mkononi alishika karatasi iliyokunjwa mara nne. Mwanawe wa pekee aliondoka nyumbani kwenda kutafuta maisha Dar es Salaam, na tangu hapo ilikuwa imepita miaka 11 bila barua wala simu. Akaniambia, "Baba, nasikia Mtakatifu Monika amelala huko uendako. Nipelekee mwanangu kwake." Nami, niseme ukweli, nilikuwa na haraka. Mama huyu alikuwa amenijia mara nyingi kwa shida hiyohiyo, na kila mara nilimpa jibu lilelile: "Endelea kusali, mama." Nikaitia karatasi ndani ya kitabu changu cha Masifu bila hata kuifungua, nikarudia hesabu za ujenzi.

Roma tulikuwa na ratiba iliyojaa, basi la kukodi na kiongozi mwenye bendera. Nilikuja kuikumbuka karatasi siku moja kabla ya siku ya mwisho, asubuhi ya mapumziko. Nikaenda peke yangu.

Nilidhani ni jambo jepesi. Basi la namba 64 huenda kati ya upande wa Vatikano na kituo kikuu cha treni cha Termini, likipita barabara kuu ya Corso Vittorio Emanuele. Ukishuka katikati ya njia, unavuka uwanja wa Piazza Navona, na baada ya dakika chache unalifikia Kanisa la Mtakatifu Agostino. Nikanunua tiketi katika duka la tumbaku lenye kibao cha herufi T. Ndani ya basi hamna konda. Abiria huigonga tiketi yake mwenyewe kwenye mashine, nayo humfaa kwa dakika 100.

Kukosekana kwa konda ndiko kulikoniponza. Kwetu hapa, hata ukisinzia ndani ya daladala, konda hutaja kila kituo kwa sauti ya tarumbeta, na jirani yako atakugusa bega akuulize, "Baba, siyo hapa unaposhuka?" Kule vituo vilipita kimya kimya, kila mtu akitazama simu yake, nami nikiona haya kuuliza. Basi lilipozima injini tulikuwa Termini, mwisho wa safari.

Ningeweza kupanda basi lilelile nikarudi. Lakini moyo wa kiburi ukaniambia: umevitembelea vigango vyote vya parokia kwa miguu, Roma itakushindaje? Nikateremka barabara ya Via Nazionale mpaka Piazza Venezia, penye jengo lile kubwa jeupe la kumbukumbu ya mfalme. Hadi hapo nilikwenda vema. Nilipoingia vichochoro vya mji wa kale, nikapotea. Njia zile hazinyooki. Hupinda, hugawanyika, hukutoa ulipotoka. Zimetandikwa vijiwe vyeusi vya mraba ambavyo Warumi huviita sampietrini, kwa jina la Mtakatifu Petro, navyo havina huruma kwa nyayo. Jua lilikuwa kali. Mara mbili nilijikuta tena mbele ya Panteoni, jengo nililokuwa nimekwisha kulipa kisogo.

Wapendwa, parokiani siwezi kwenda hatua 20 bila mtu kunisalimu. Pale mamia walinipita, na hakuna aliyejua kama mimi ni padre au mwizi. Nikaanza kujiona mdogo. Ndipo nikamkumbuka yule kijana. Nilimwona akishuka na begi lake Ubungo, maana miaka ile mabasi ya mikoani yalikuwa bado yakiishia Ubungo, akisimama kati ya wapiga debe, hajui pa kulala, naye akiona haya kuuliza. Miaka yote hiyo nilimhesabu mtoto mkaidi aliyemsahau mama yake. Haikunijia kamwe kwamba huenda alianza kupotea hivihivi, kwa kupitwa na kituo kimoja, kisha aibu ya kurudi mikono mitupu ikamziba mdomo mwaka hata mwaka.

Penye kona moja nikakuta bomba la maji la chuma. Mabomba hayo yako zaidi ya 2,000 mjini Roma, na maji yake ni ya kunywa, bure kwa kila mtu. Nikainama kunywa, nikalowa hadi kifuani. Bibi mmoja aliyebeba mfuko wa mboga akacheka. Akaziba mdomo wa bomba kwa kidole, na maji yakaruka juu kupitia kitundu kidogo, tayari kwa kinywa changu. Nilipokwisha kunywa nikamwonyesha jina la kanisa. Hakunielekeza kwa maneno, maana tusingeelewana. Alinishika mkono wa shati, akaniongoza polepole, na mfuko wake, mpaka chini ya ngazi za kanisa. Kisha akarudi alikotoka. Sikulijua jina lake.

Mlango ulikuwa umefungwa. Makanisa mengi ya Roma hufungwa adhuhuri na kufunguliwa tena alasiri. Nikaketi kwenye ngazi, na kwa kuwa sikuwa na la kufanya, nikaifungua karatasi. Mlikuwa na jina la kijana, tarehe ya kuzaliwa, tarehe ya ubatizo. Chini kabisa, kwa mwandiko unaotetemeka: "Ana kovu dogo juu ya jicho la kushoto. Aliangukia jiwe." Mama yule alimwandikia Mtakatifu Monika alama ya kumtambulia mwanawe asije akamkosea na mtoto wa mtu mwingine. Nami nilikuwa nimeibeba karatasi ile siku nane bila kuisoma. Nililia pale ngazini, wala sioni haya kuwaambia.

Mlango ulipofunguliwa, kitu cha kwanza kilichonisimamisha ni picha katika kikanisa cha kwanza cha kushoto, iliyochorwa na Caravaggio mwanzoni mwa karne ya 17. Bikira Maria amesimama pekupeku mlangoni pa nyumba, amempakata Mtoto, na mahujaji wawili wazee wamepiga magoti mbele yake. Nyayo za yule mwanamume zinamtazama mtu anayeingia, nazo ni chafu, zina matope ya safari. Nikatazama viatu vyangu. Kumbe mbinguni hatuulizwi kama tumefika tukiwa safi.

Kaburi la Mtakatifu Monika liko mbele zaidi, kushoto mwa altare kuu. Masalia yake yaliletwa Roma mwaka 1430 kutoka Ostia, mji wa bandari alikofia. Hatumfikirii vya kutosha kama mama wa safari. Alikuwa mwanamke wa Afrika, wa Tagaste, katika nchi tuiitayo leo Algeria. Mwanawe alimdanganya bandarini Karthago, akapanda meli usiku kuja Roma, huku mama akisali katika kikanisa cha jirani. Kulipokucha hakumkuta. Alilia, kisha akavuka bahari kumfuata, hadi Milano, ambako Agostino alibatizwa na Mtakatifu Ambrosi katika Pasaka ya mwaka 387. Mwaka huohuo, wakingoja meli ya kurudi Afrika, Monika akafariki. Agostino anatusimulia kwamba mama hakujali tena azikwe wapi. Aliomba tu akumbukwe altareni popote watakapokuwa. Nikalitamka jina la kijana kwa sauti, na kovu lake pia.

Kesho yake nikapanda metro mpaka Piramide, na kutoka hapo treni ya kwenda Ostia. Safari hii niliuliza kila mtu.

Niliporudi nilikwenda nyumbani kwa yule mama. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuketi kwenye kigoda chake. Akaniuliza, "Baba, ulifika?" Nikamjibu, "Nilifika mama, ila nilipotea sana." Akacheka, akasema, "Basi ulimtafuta kweli."

Mpaka leo kijana hajarudi. Sitawadanganya. Lakini jina lake husomwa katika Misa ya asubuhi kila Jumatano, na mama huja. Nawasihi mambo mawili juma hili. Mwenye mtoto aliyepotea alete jina lake sakristia, nami naahidi kulisoma mwenyewe kabla ya kulikunja. Na wewe unayesoma ukiwa mbali na nyumbani, uliyenyamaza kwa sababu huna cha kurudi nacho: piga simu leo. Mama hakungojei na kitu. Na ukimwona mgeni akizungukazunguka mtaani, usimwelekeze kwa kidole tu. Tembea naye hatua chache.

Mungu awabariki nyote. Mtakatifu Monika, utuombee.

Wenu katika Kristo,
Baba Paroko