Tatuu Iliyotoka Shambani Kamachumu

Kama hujawahi kufika Bukoba, sijui unasubiri nini. Mji umejibanza kati ya vilima na Ziwa Victoria, kisiwa cha Musira kinakutazama kutoka majini, na ukipita karibu na kiwanda cha Tanica unaweza kukaribishwa na harufu ya kahawa. Mimi na mume wangu tulienda Desemba, ule wakati ambao Wahaya wa Dar wanarudi kwao kwa mafungu. Wengi walifuata sherehe na senene. Sisi tulifuata tatuu.

Usicheke. Mume wangu ni mtu wa hesabu, shati jeupe na tai Jumatatu mpaka Ijumaa. Lakini kuna kitu amekibeba moyoni tangu akiwa na miaka sita. Baba yake alikuwa ndani ya MV Bukoba, meli iliyozama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996 na kuua mamia ya watu. Mwili wake haukutambuliwa. Wengi wa namna hiyo walizikwa pamoja Igoma, Mwanza, kwa hiyo hata kaburi la kusema "hili ni lake" hakuna.

Sasa mwenzangu akataka kuchora mkononi picha ya meli, na tarehe chini yake. Mimi roho ilisita. Lakini hebu niambie, ndugu msomaji, utaanzaje kumfundisha mtu namna ya kumkumbuka baba yake?

Albamu ya mjini

Kituo cha kwanza kilikuwa kwa kijana mmoja mchoraji pale mjini. Akatutolea albamu: simba, waridi, msalaba wenye mabawa, nyota, na maandishi ya Kichina ambayo mwenyewe alikiri hajui yanasema nini. Meli? Ipo! Ila ilikuwa na matanga, kama zile za maharamia kwenye sinema. "Hayo matanga nitayafuta tu, braza," akasema.

Tukacheka wote. Tulipotoka nje mume wangu akawa kimya. Nadhani ndipo alipoona kwamba kitu kizito kiasi kile hakiwezi kutoka kwenye albamu ambayo kila mteja anaifunua.

Mistari ya Katuruka

Kesho yake tukaenda Katuruka, upande wa Maruku. Hapa ndipo mahali ambapo Wahaya wana haki ya kujisifu, na wewe unyamaze. Mtafiti Mmarekani Peter Schmidt alichimba hapa miaka ya 1970 na kukuta mabaki ya ufuaji wa chuma wa zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Mwaka 1978 yeye na mwenzake Donald Avery waliandika kwenye jarida la Science jinsi mafundi wa Kihaya walivyoyeyusha chuma kwa ustadi mkubwa. Nshomile wangu akanitazama kama vile tanuru alilijenga yeye!

Wale watu wa kale walitumia pia vyungu vya aina inayoitwa Urewe, jina la mahali huko magharibi ya Kenya. Vina mistari iliyochorwa kwenye udongo mbichi, na vingine vina kibonyeo chini, kama mtu amebonyeza kwa kidole. Jamani, ni mizuri ile mbaya! Nikamwambia, "Basi chora hii." Akafikiri, akatikisa kichwa. "Ni nzuri, lakini inamhusu kila mtu wa huku. Haimsemi baba."

Nikaelewa. Kitu cha asili ya kwenu bado si lazima kiwe chako.

Kwa Bibi

Barabara ya kwenda Muleba inapita Kemondo. Ile meli ilipakia abiria wengine kwenye bandari ya hapo kabla ya kuelekea Mwanza. Hatukusimama. Tukafika Muhutwe, tukakata kona kupanda Kamachumu, migomba kulia, mibuni kushoto, na kaubaridi kanakokufanya ukumbuke sweta.

Bibi, mama yake baba, alitupokea kwa kahawa ya kutafuna, ile wanayoiita akamwani. Inachemshwa na majani yenye harufu, inakaushwa, na mgeni anapewa kiganjani kama heshima. Tulipotulia, mume wangu akatoa simu, akamwonyesha picha ya meli na kumweleza nia yake.

Bibi aliitazama muda mrefu. "Hii ndiyo iliyomchukua mwanangu?"

"Ndiyo, Bibi."

"Basi mjukuu wangu, kila utakaponipa mkono, na yenyewe nitakuwa naipa mkono."

Hakuna aliyeongea. Kisha Bibi akachukua kahawa moja kutoka kwenye sahani, akaipasua. Ndani, punje mbili zimelaliana. Akatukumbusha omukago, udugu wa damu wa zamani: marafiki wawili walijichanja karibu na kitovu, kila mmoja akapaka damu yake kwenye punje, wakabadilishana na kumeza. Kuanzia hapo ni ndugu.

"Baba yako hakukuchanja," akasema. "Lakini kila akisafiri alipasua moja, yake na yako. Hata safari ile."

Mume wangu hakuwa anakumbuka. Bibi ndiye aliyekuwa ameitunza ile habari miaka yote, na hakuna aliyewahi kumuuliza. Nilimwona mume wangu, yule wa shati jeupe, akilia kama mtoto, na mimi nikajifanya naangalia migomba.

Kutoka shambani hadi kwenye ngozi

Jioni ile tulichora wenyewe kwenye karatasi: ganda moja, punje mbili. Moja imejazwa wino, nyingine ni mstari tu, imebaki wazi. Hakuna tarehe. Ile karatasi ikakaa kwenye mlango wa friji yetu miezi sita. Mchoro ukikuchosha kwenye friji, utakuchosha zaidi kwenye mkono.

Kuna mambo mengine tulijadili, na nyie wawili mjadili pia. Matangazo ya ajira za Polisi na Uhamiaji yamekuwa yakikataa wenye tatuu, kwa hiyo mwenye ndoto hizo afikirie mara mbili. Ukoo wenu ukiwa na makovu yanayovimba na kukua, yaani keloidi, mwone daktari kwanza. Kwenye ngozi zetu nyeusi mistari minene na myepesi kueleweka hudumu kuliko vijimistari, ambavyo baada ya miaka huvujiana.

Na sindano! Wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini waligundulika Kagera mwaka 1983, na wazee wa huku hawajasahau. Damu inaweza kubeba pia homa ya ini. Sindano ifunguliwe mbele yako, wino umiminwe kwenye kikombe kipya, glavu ziwe mpya. Fundi akinuna, ondoka.

Alichorwa Julai, upande wa ndani wa mkono, chini kidogo ya kiwiko. Nilimshika mkono wa pili mpaka ikaisha. Ilipona kwa wiki tatu hivi. Bibi alipotumiwa picha alisema punje zimechorwa nono mno, kahawa ya Kamachumu haiwi hivyo, lakini atasamehe.

Watu ofisini wakimuuliza hiyo mbegu ni ya nini, haanzi na meli. Anaanza na baba aliyekuwa akipasua kahawa mlangoni, nusu yake, nusu ya mtoto, kabla ya kubeba begi.