Kujenga kwa mkono wako, Østerdalen na Kibua

Tukikutana sisi wa Kivu, mashariki mwa Kongo, tunaoishi Ulaya, iwe msibani au arusini, mazungumzo huishia kwenye nyumba tulizoanzisha nyumbani. Fulani alituma pesa, matofali yakachomwa, ukuta ukapanda mpaka kwenye linteli, na hapo ukasimama. Miaka inapita, mvua inakula matofali, nyasi zinaota mahali palipotakiwa kuwa sebule, na mama bado analala kwenye nyumba ile ile ya zamani inayovuja. Nimeona kuta kama hizo katika picha nyingi mno zinazotumwa kwa simu, na ninaandika haya kwa sababu zinaniuma. Sisi tunaotoka Kibua na vijiji vya jirani, pale Masisi inapopakana na Walikale, naona tuache kupeleka majumba ya saruji. Watu wetu wanajua kujenga nyumba ndogo na kuimaliza kwa mikono yao wenyewe. Tuwaongezee nguvu mahali wanapokwama kweli, yaani chini kwenye nguzo na juu kwenye paa.

Anayefikiri nadharau saruji na aifuate njia yake kwanza. Unatoka Goma, unapita Sake, unapanda hadi Masisi mjini, unashuka Nyabiondo. Kutoka hapo kuelekea Kibua ni pikipiki, na mvua ikizidi ni miguu. Mfuko mmoja una kilo 50. Kila mkono unaoupokea njiani unataka malipo yake, na ukifika umelowa unyevunyevu unakuwa jiwe kabla hujaufungua. Nyumba ya vyumba vitatu inataka mifuko mingapi? Ndiyo maana kuta zinasimama kwenye linteli.

Huku Norway ninakoishi, kijumba cha mapumziko ni jambo la kila ukoo. Nchi ya watu kama milioni 5.5 ina vijumba zaidi ya 440,000, vingine vya kifahari, vingi ni vya mbao, vidogo, vyumba viwili na jiko la kuni. Mwenzangu mmoja wa kazini alirithi kipande cha ardhi Østerdalen, bonde la misonobari upande wa mashariki wa nchi, akaamua kujenga mwenyewe. Majira ya joto nilikuwa nakwenda kumsaidia siku za mapumziko. Nilikwenda kwa hamu, kwa kuwa mimi mwenyewe nimekua nikikanyaga udongo wa nyumba kwa miguu, na nilitaka kuona mtu wa huku anaanzia wapi.

Alianzia kwenye karatasi. Sheria yao ya mipango na ujenzi ya mwaka 2008 inamruhusu mtu asiye fundi kuomba abebe mwenyewe dhamana ya kujenga nyumba yake au kijumba chake, mradi aonyeshe kwamba ataifanya kazi ipasavyo, kwa ujuzi wake au kwa msaada wa wanaojua. Mchoro ukaenda halmashauri. Majirani wakapelekewa taarifa, na wana wiki mbili za kutoa pingamizi. Umeme hakuruhusiwa kuugusa, hiyo ni kazi ya kampuni iliyosajiliwa. Na nyumba ikiisha haihamiwi hivi hivi. Halmashauri itoe kwanza cheti cha kukamilika, au angalau ruhusa ya muda.

Kibua nako jirani huulizwa kwanza. Unakwenda kwa mkubwa wa kijiji pamoja na wazee wako, unapeleka mbuzi na kasiksi, pombe ya ndizi, mnatembea mpaka wote na walio kando yako wakiangalia, miti ya mpaka inapandwa. Sheria ya ardhi ya Kongo ya tarehe 20 Julai 1973 ilisema ardhi yote ni ya Serikali, ikaahidi kwamba ardhi za vijiji zitapangiwa utaratibu wake kwa amri ya Rais. Miongo ikapita bila amri hiyo. Kwa hiyo hati yako ni majirani waliokuwapo siku ile. Na hapa ndipo vita vinapotuumiza kwa namna ambayo mtu wa huku haioni upesi. Tangu Machi 1993, mauaji yalipoanzia sokoni Ntoto na kusambaa Masisi nzima, watu wetu wamekuwa wakikimbia na kurudi, wakikimbia na kurudi. Jirani akikimbia, ushahidi umekimbia naye. Ukirudi unakuta mtu amelima mpaka mlangoni, na mzee aliyeujua mpaka amezikwa kambini, upande wa Goma au ng'ambo Uganda.

Nirudi kwenye ujenzi wenyewe, kwa sababu ndiko nilikojifunza zaidi.

Østerdalen ardhi huganda majira ya baridi. Maji yaliyo ndani ya udongo yanageuka barafu, yanavimba, yanainua chochote kilichokaa juu yake. Basi msingi wote ni vita na maji: unachimba, unaondoa udongo laini, unajaza kokoto zisizoshika maji, unaweka nguzo fupi za zege, na mbao ya kwanza inakaa juu hewani. Ubao wa nje wa ukuta hauruhusiwi kukaribia ardhi. Wanapenda uwe juu kama sentimita 30, matone yanayoruka kutoka chini yasiufikie. Nyuma ya ubao huo kuna nafasi nyembamba ya upepo kupita, ili mbao ikilowa ikauke yenyewe. Mwenzangu alinionyesha kwa kidole, akipitisha mkono kwenye ufa huo kutoka chini, na hewa ilisikika kwenye vidole.

Mafundisho hayo ni ya zamani kuliko sheria yao. Wanorway walikuwa na makanisa ya mbao ambayo nguzo zake zilichimbiwa ardhini, kama tunavyochimbia sisi. Zilioza zote chini. Baadaye mafundi wakaacha kuchimbia: walipanga mawe, wakalaza boriti nene juu ya mawe, na nguzo zikasimama juu ya boriti. Makanisa ya namna hiyo yamebaki 28 mpaka leo. La Urnes, lililoingizwa katika urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 1979, ni la karne ya 12, mbao tupu, limepakwa lami ya msonobari kizazi baada ya kizazi. Nilisimama mbele yake nikawaza nyumba ya baba yangu. Ilikuwa na miti mizuri, fito zimefungwa kwa kamba za msituni moja baada ya nyingine, udongo umekandikwa mara mbili. Kilichoiangusha ni sehemu fupi kama mkono, pale nguzo inapoingia ardhini. Hapo mchwa na unyevunyevu hukutana. Juu ukuta ulikuwa bado mzima ulipoinama.

Sisemi wazee wetu hawajui. Wao huchoma ncha ya nguzo motoni mpaka iwe makaa kwa nje, au huipaka oili chafu, na huchagua mti. Kwenye msitu wa upande wa Walikale kuna libuyu, mti mwekundu mzito ambao mbao zake husafirishwa mpaka Goma na mbele ya hapo. Upande wa milima ya Masisi ni mikalitusi, inayokua haraka na kuoza haraka ikizikwa mbichi. Lakini mawe ya mtoni tunayo, tena bure, na vijana wa kuyabeba wapo. Goma penyewe, baada ya Nyiragongo kulipuka tarehe 17 Januari 2002 na lava kufunika sehemu ya mji, watu hawakuweza kuchimba. Walipanga mawe ya lava, wakaweka nyumba za mbao juu. Nyumba hizo watu wetu wengi wamezilalia, wameziona kwa macho, na ukimweleza fundi wa Kibua habari ya nguzo juu ya jiwe hashangai. Anachouliza ni upepo. Nguzo iliyochimbiwa hushikwa na ardhi; iliyowekwa juu ya jiwe inashikwa na nini? Jibu ni mbao za mshazari kwenye kila kona, zipigwe kabla udongo haujakandikwa, na zisiondolewe na mtu anayetaka kupata nafasi ya dirisha.

Sasa paa. Kule Østerdalen paa ni jambo la theluji: ina uzito, na kenchi hupigiwa hesabu ya kuubeba. Nililiangalia kwa heshima lakini halitusaidii. Paa letu lina maswali mengine. Majani ya msituni au nyasi za mlimani yanaezekwa bila senti moja, ndani kunakuwa na ubaridi mzuri, ila hayadumu, kila baada ya misimu michache unayarudia, na moto ukishika nyumba imekwisha. Mabati yanadumu, na yana sifa moja ambayo hakuna mhandisi wa Norway ambaye angeifikiria: yanaezuliwa. Vita vikikaribia, baba wa nyumba hupanda juu usiku, hung'oa misumari, hufunga mabati kwa kamba na kuyaficha msituni au kuyafukia. Asipofanya hivyo, watakaopita watayachukua wao. Mwanzoni mwa 2025, waasi wa M23 walipoingia Masisi mjini mwezi wa Januari na Walikale mjini mwezi wa Machi, katika simu zetu za familia swali la pili baada ya kuulizana nani yuko hai lilikuwa la mabati.

Ndiyo maana nawasihi wenzangu wanaotuma pesa waulize unene. Madukani Goma bati huuzwa kwa namba, BG 28, BG 30, BG 32, na namba inavyopanda ndivyo bati linavyokuwa jembamba. BG 32 ni rahisi, na mwenye duka ataisifu. Ikiezuliwa mara moja inapinda, matundu yanapanuka, ikirudishwa inavuja. BG 28 unaweza kuishusha na kuipandisha. Na misumari nayo ina siri yake. Fundi wa kijijini akipiga msumari huweka chini ya kichwa chake kizibo cha chupa ya bia kilichopondwa bapa, na chini ya kizibo kipande cha raba kilichokatwa kwenye ndala kuukuu au tairi ya ndani. Raba inaziba tundu, kizibo kinasambaza mgandamizo. Nimepanda juu ya mapaa ya pande zote mbili, na msumari wa dukani wa huku wenye raba yake unafanya kazi ile ile hasa. Fundi wetu alifika hapo bila kiwanda. Anastahili heshima, na anastahili pia kutumiwa misumari kamili.

Upenu ndio bei rahisi ya kuokoa ukuta wa udongo. Tukiongeza safu moja ya bati ili paa litoke nje ya ukuta karibu mita nzima, mvua ya Walikale haiupigi tena ukuta, na mama anapata mahali pakavu pa kukaa akitwanga sombe, majani ya muhogo. Pesa ya safu hiyo ni ndogo sana ukiilinganisha na matofali yaliyosimama kwenye linteli.

Kuna jambo moja la Østerdalen lililonipa huzuni. Wanorway wana dugnad, siku ya watu kufanya kazi pamoja bila malipo, na ni desturi ya kweli, shuleni na mitaani wanaitimiza. Lakini kijumba cha mwenzangu alikijenga karibu peke yake. Jioni nyingi tulikuwa wawili, yeye juu ya ngazi na mimi nashika ubao, na msitu mzima kimya. Alipenda hivyo, kwake utulivu ni sehemu ya faida. Kibua siku ya kukandika hakuna anayebaki nyumbani. Wavulana wanakanyaga udongo katika shimo mpaka magotini, wasichana na wanawake wanaleta maji, wazee wanaamua kama udongo umeiva kwa kuufinya kiganjani, na mwenye nyumba anahangaika na sufuria za bugali na maharagwe. Ukuta unajaa siku hiyo hiyo. Halafu unaachwa unyauke na kupasuka, nyufa zinajazwa, unalainishwa kwa mkono uliolowa, na wa mwisho kupita ni wanawake kwa udongo mweupe.

Na watu huhamia kabla ya hapo. Paa likikaa, mkeka unaingia. Milango, madirisha, sakafu, vyote vinakuja polepole kadiri mavuno yanavyoruhusu. Kwa halmashauri ya Norway nyumba hiyo haijakamilika na haifai kulaliwa. Kwetu ukamilifu una miaka yake, na kila mwaka una watu wake. Mtumaji pesa wa Ulaya ambaye hajui hilo hutuma zote kwa mkupuo mmoja, kwa mkandarasi asiyekaa kijijini, na siku ya kukandika kijiji hakiitwi. Ukuta wa namna hiyo ukisimama hakuna anayejiona anadaiwa kuumalizia. Nimeliona hilo mara nyingi kiasi kwamba siamini tena mradi wowote wa nyumba ya kijijini ambao hauna siku ya bugali.

Katika familia yetu tumebishana kwa simu muda mrefu juu ya nguzo za nyumba tunayotaka kujenga Kibua. Mimi nilitaka zote zikae juu ya mawe. Baba mdogo, ambaye ndiye atakayejenga na ndiye anayeujua upepo wa pale, hakukubali. Tumeafikiana hivi: nne za kona zitachimbiwa, ziwe libuyu iliyochomwa ncha, na za katikati zitasimama juu ya boriti na mawe ya mtoni, kona zote zifungwe kwa mshazari. Upenu utatoka mita moja pande zote. Mabati ni BG 28, yamekwisha kulipiwa, na mwenye kuyapakia anasubiri kiangazi cha Juni, njia ya Nyabiondo ikipitika na watu wakiwa wamerudi.